Marehemu Aliyekuja Mpirani

"Nyuki wametoka mzingani."

Sauti ilitokea ndani ya debe la unga. Redio ya Motorola ilikuwa imefunikwa humo kwa kitambaa cha jikoni. Nyanzala hakuacha kukanda. Aliinama kama mtu anayetafuta chumvi.

"Malkia yumo?"

"Yumo. Isuzu ya njano. Amekaa mbele na dereva."

"Nani anamlinda?"

"Wewe."

Redio ikanyamaza.

Nyanzala akapiga donge la unga juu ya ubao, akalisukuma. Kibanda chake cha chapati kilitazamana na geti la uwanja wa mpira wa Mpanda. Kwa watu wa hapo alikuwa mama lishe mpya, Msukuma mmoja mkimya, anayecheka mara moja moja. Ndani ya beseni, chini ya chapati, ililala bastola ya Browning yenye risasi, imefungwa gazeti.

Ilikuwa Jumapili. Misa alikuwa ameikosa. Hilo lilimchoma kuliko moto wa jiko.

Mwaka ule wa 1998 hakukuwa na mechi iliyosubiriwa kama hii. Reli Kijani ya Majengo na Nyuki ya Katumba. Anayeshinda anapanda daraja. Majengo walikuwa wameleta wachezaji wa kulipwa kutoka Tabora. Katumba nao, wale wa makazi ya wakimbizi, walileta golikipa mrefu kutoka Kigoma ambaye watu walisema akinyoosha mikono anagusa milingoti yote miwili. Mwaka uliopita mechi yao iliisha kwa mawe.

Na ndani ya lori la Nyuki alikuwemo Mzee Arcade.

Aliingia nchi hii mwaka sabini na mbili, anakimbia vita vya kwao Burundi, pamoja na mke, mtoto mgongoni. Sasa alikuwa mfuga nyuki na mzee wa kanisa. Wiki hiyo hiyo alitakiwa kusafiri kwenda Arusha, kuwasemea wakimbizi kwenye mazungumzo ya amani. Kuna watu ng'ambo ya ziwa hawakutaka amani. Walitaka afe. Na walitaka afe hapa, mpirani, mbele ya watu wa Majengo, ili Katumba waseme wenyeji wamemuua.

Mzee mmoja afe, makazi mazima yaungue. Ndiyo hesabu waliyopiga.

Haya yote yalijulikana kwa sababu mtu mmoja alikamatwa Karema, kando ya ziwa, akasema. Baruti imevuka ndani ya dumu la mawese. Watu ni wawili. Mmoja mgeni wa ng'ambo. Mwingine mwenyeji wa Mpanda hii hii, ndiye anayeonyesha njia.

"Jina lake?" walimuuliza.

"Sisi tunamwita Marehemu."

Nyanzala aliposikia jina hilo, nywele za shingo zilimsimama. Hakujua kwa nini. Au alijua, akakataa kujua.

Yeye alikuwa na marehemu wake.

Aliitwa Hilari. Walifanya kazi ya usalama pamoja, bega kwa bega, kama watoto wa tumbo moja. Alimwita Nyanzala "dada mkubwa", kwa utani, maana Hilari ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. Miaka mitatu nyuma, huko huko Karema, boti yao ililipuka. Nyanzala alikuwa nchi kavu. Aliona kwa macho yake injini ya Yamaha inawaka, aliona Hilari anaanguka majini na moto mgongoni. Alikaa ufukweni mpaka wavuvi wakamwonea huruma. Maiti haikuonekana.

Yeye ndiye aliyepeleka habari mtaa wa Ilembo, kwa mke wa Hilari, Christina. Msiba ukawekwa bila mwili. Mpanda nzima ilikaa kwenye mabenchi yale, ikalia, ikala matanga, ikatawanyika.

Hilari hakutawanyika.

Alimfuata. Sokoni, kanisani, kwenye kelele za mashine ya kukoboa, ghafla Nyanzala alisikia: "Dada mkubwa." Anageuka. Hakuna mtu. Alimweleza padri. Padri akasema, muombee apumzike. Akamwombea. Rozari ikaisha rangi.

Bado aliitwa.

"Dada Nyanza! Chapati na chai. Leo nakula mapema, leo kuna kushangilia."

Alikuwa Isidori, mlinzi wa geti, na skafu ya kijani shingoni ingawa jua lilikuwa linachoma.

"Una uhakika gani, kaka Isidori? Yule golikipa wao mrefu kama mnazi."

Isidori akainama, akateremsha sauti. Alinukia tumbaku.

"Mnazi utakatwa. Kamati imeshamaliza kazi."

Kila timu ilikuwa na kamati ya ufundi. Kwenye mikutano walisema kazi yake ni mbinu za mchezo. Watu wote walijua kazi yake ni mayai, chumvi, vitambaa vyekundu, na kuzika vitu mahali ambapo wapinzani watapita.

"Imefanya nini?"

"Wamekuja asubuhi, sijapiga hata mswaki. Wawili. Wakachimba pale getini, katikati kabisa. Wakanipa fagio nifute, ili wale nyuki wasione. Nikafuta vizuri! Tazama. Utajua kumechimbwa pale?"

Nyanzala alitazama. Vumbi lilikuwa laini, lenye mistari ya fagio.

"Unawafahamu hao wanakamati?"

"Mmoja hakusema hata neno. Wa pili kofia mpaka hapa, miwani nyeusi. Lakini mwenyeji, bwana! Alijua komeo la geti linavyokwama. Alilipiga teke palepale panapotakiwa."

"Hukuwauliza ni nani aliyewatuma?"

"We dada! Nani anaiuliza kamati kitambulisho? Unataka niote mapembe?"

"Wamezika nini?"

"Hivyo haviulizwi." Isidori akatafuna, akashindwa kujizuia. "Ila kilikuwa kizito. Dumu la mawese, lile kubwa."

Nyanzala akalikumbuka dumu la Karema.

Akampa chapati ya ziada. Akasubiri ageuke. Akainama kwenye debe.

"Kituo. Nimepata sumu. Ipo getini, chini ya ardhi."

"Una uhakika?"

"Ninao. Nizuie mchezo?"

Redio ilikwaruza. Mkubwa wake alikuwa Sumbawanga, lakini alisikika kama yupo chini ya kisima.

"Ukizuia, wale wawili wanapotea. Watamsubiri malkia barabarani, na huko hatutakuwepo. Tunawataka leo. Na malkia awe hai."

"Wataalamu wa mabomu?"

"Wako Tabora. Hawawahi."

"Nimepokea."

Alikaa juu ya kigoda, akafikiri kwa utulivu, kama alivyofundishwa na kama alivyozaliwa. Bomu halikutegwa likanyagwe. Watu wengi wangepita pale kabla ya Mzee Arcade. Kwa hiyo kuna mkono. Mkono unasubiri kwa mbali, unaona geti, utabonyeza Mzee akifika katikati. Mkono huo hauonekani, maana watu wamejaa kila mahali.

Lazima geti liachwe tupu, ili mwenye bomu aje kuliangalia peke yake. Na lazima awaondoe watu bila polisi, bila king'ora, bila wale wawili kushtuka.

Aliangalia trei ya mayai kando ya jiko.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Hiki ni chombo cha yule mwovu. Nisamehe nikishike leo."

Akajiweka alama ya msalaba. Akachukua mayai mabichi, akayapaka masizi ya sufuria. Akachana kitambaa chekundu cha mezani. Akajaza chumvi kwenye kiganja. Kisha akabeba ndoo ya maji machafu, kama mama lishe yeyote anayekwenda kumwaga. Watu wakati huo walikuwa wanasukumana kwenye dirisha la tiketi, upande wa pili wa ukuta.

Alimwaga maji. Aliinama kufunga ndala.

Aliporudi kibandani, getini kulikuwa na mayai yaliyopasuka, kiini kimetambaa juu ya kitambaa chekundu, na chumvi imevizunguka vyote kama uzio.

Wa kwanza kuona alikuwa muuza karanga.

"Yesu wangu! Jamani! Msipite!"

Umati ukasimama kama ng'ombe walioona chatu. Waliokuwa nyuma wakawasukuma wa mbele, wa mbele wakasukuma nyuma kwa nguvu zaidi.

"Ni nyie Majengo!" alipiga kelele shabiki mmoja wa njano. "Mpira hamuwezi, mnaweza mayai!"

"Sisi tupasue mayai kwenye geti letu wenyewe? Una akili? Ni nyie nyuki!"

"Sisi tuna asali, mayai ya nini?"

Isidori alishika kichwa. "Nani katoa mambo ya ndani nje?" alilia. "Nani?"

Hakuna aliyepita. Si mmoja. Nyuma ya vyoo kulikuwa na sehemu ukuta wa matofali umebomoka, watu wote wakaelekea huko. Wengine waliruka. Diwani mmoja mwenye kitambi, na suti ya Kaunda, alipandishwa ukuta na vijana huku akisema yeye haamini mambo haya, anataka tu kunyoosha viungo.

Nyanzala hakucheka. Alikuwa ametoboa tundu kwenye mkeka wa kibanda, na kwenye tundu hilo alikuwa ameweka darubini ndogo ya Nikon. Alitazama miguu tu.

Miguu yote ilikwepa. Viatu, ndala, katambuga, miguu mitupu. Waislamu walikwepa, Wakristo walikwepa. Waliosoma walikwepa kwa mbali zaidi.

Kisha ikaja miguu ambayo haikukwepa.

Buti za kahawia. Zilitembea moja kwa moja mpaka katikati ya chumvi. Zikakanyaga kiini. Zikasimama. Ncha ya buti ikasugua vumbi kidogo, taratibu, kama mtu anayeangalia kama mbegu zake zimefukuliwa.

Nyanzala akapandisha darubini. Skafu ya kijani, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Uso usio wa hapa. Uso usio na hofu yoyote ya kile ambacho Mpanda nzima ilikiogopa.

"Nimekupata," alisema.

Wakati huo huo mkono ukatokea nyuma ya yule mtu. Ulimkamata kwenye kiwiko, ukamvuta kwa nguvu, haraka, bila kufikiri. Ni namna unavyomvuta mtoto aliyekaribia moto. Ni mwenyeji tu anayemvuta mwenzake hivyo kutoka kwenye mayai.

Mkono huo haukuwa na kidole cha mwisho.



Nyanzala alikuwa amekifunga kidonda cha kidole hicho yeye mwenyewe, kambini mafunzoni, zamani, kwa shashi na maneno ya kutia moyo. Aliujua mkono ule kama anavyoujua wake. Ulitakiwa uwe chini ya Ziwa Tanganyika.

Juu ya mkono kulikuwa na shati. Juu ya shati, shingo yenye makovu ya moto. Miwani nyeusi. Kofia mpaka hapa.

Alifumba macho. Alisali Salamu Maria, yote, bila kuruka neno.

Akafumbua.

Mtu yule bado alikuwepo.

Wale wawili walivuka barabara, wakasimama chini ya tangi la maji ambako wazee wa Majengo hupenda kukaa kivulini. Kila mzee alikuwa na redio yake, na kila redio ilikuwa inapiga kelele za mechi nyingine ya Dar es Salaam. Mwenye kofia naye alitoa redio mfukoni, National ndogo, mawe yake ya betri yamefungwa nje mgongoni kwa mpira wa baiskeli, kama redio za watu wote. Akavuta antena.

Yake haikusema kitu.

"Ngolo," Nyanzala aliita kwenye debe.

"Nipo." Ngolo alikuwa upande wa pili wa barabara, mwenzake wa kazi, amejifunga shuka la wachungaji na buti za mpira, fimbo begani. Kwa watu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuja kuona mpira.

"Tangi la maji. Skafu ya kijani na mwenye kofia. Redio ya mwenye kofia ndiyo kiwashio."

"Nimewaona. Namchukua nani?"

"Mwenye skafu. Mwenye kofia niachie."

"Unamjua?"

Moto wa jiko ulipasuka cheche.

"Nilimjua."

Lori la Isuzu likakata kona, limejaa watu wa njano mpaka juu ya kichwa cha dereva. Waliimba Kirundi, walipiga debe. Nahodha wao akaruka chini kabla halijasimama, akakimbia kuelekea getini mikono juu.

Akaona. Akafunga breki kwa visigino.

"Hatupiti hapa!" alipiga kelele. "Vijana, ukuta! Ukuta!"

Timu nzima ikauvamia ukuta. Golikipa mrefu aliuvuka kama anavuka mfereji. Majengo waliokuwa juu wakawazomea. Nyanzala akashusha pumzi. Mtego wake umefanya kazi. Geti lipo tupu. Sasa Mzee Arcade atazungushwa nyuma, na yeye atakuwa na nafasi ya kuwakamata wale wawili polepole, bila damu.

Mlango wa lori ukafunguka.

Mzee Arcade akashuka, shati jeupe lililopigwa pasi, fimbo mkononi. Akawatazama wachezaji wake wanavyoning'inia ukutani.

"Nyie vijana! Mnaruka ukuta kama wezi?"

"Babu, angalia chini!" nahodha alimjibu, mguu mmoja hewani.

"Naangalia. Naona mayai. Hata kwangu, mke wangu Vénérande anayakaanga."

"Ni kamati, babu! Njoo huku tukubebe!"

"Unibebe, mimi gunia? Mimi nimebatizwa. Shetani hanipangii mlango." Akairekebisha kola ya shati. "Nitapita getini."

Akaanza kutembea.

Nyanzala alisimama kama aliyemwagiwa maji. Alikuwa ameweka uzio unaomzuia kila mtu Mpanda, isipokuwa yule mmoja aliyetakiwa kuzuiwa. Alisahau kwamba wapo watu wanaoamini kweli.

Akimkimbilia Mzee, mwenye redio ataona, atabonyeza. Watakufa wote, na vijana wa ukutani pia. Akipiga risasi, kidole cha mtu anayekufa hubana.

Akaweka beseni kichwani.

"Chapati! Chapati moto!"

Alitembea kuelekea kwenye tangi. Hakukimbia. Nyonga zilicheza kidogo, kama muuzaji. Kwa kona ya jicho la kushoto aliliona shati jeupe likisogea. Mzee hakuwa na haraka, lakini hakuwa anasimama.

"Chapati, wazee wangu!"

Mwenye kofia hakumtazama. Alitazama geti. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe, kimetulia.

Nyanzala alikuwa nyuma yake sasa. Alisikia harufu yake. Ilikuwa ile ile. Hicho ndicho kilichomuumiza zaidi, kwamba harufu haikubadilika.

Alitua beseni. Akanyoosha mkono, akaing'oa kofia pamoja na miwani. Akapiga ukunga wa msibani, ule unaotoka chini ya kitovu.

"Hilari! Hilari wa Christina! Jamani, huyu si Hilari wa Ilembo?"

Wazee wote wakageuka.

Wale ndio waliokaa kwenye mabenchi. Wale ndio walioleta kuni na maharage. Mzee mmoja redio ilimponyoka.

"Mimi nilisoma wasifu wake!" alisema, akirudi kinyumenyume. "Nilisoma mwenyewe! Huyu amekufa!"

"Marehemu! Marehemu amekuja mpirani!"

Viti vikapinduka. Mama wa karanga alipiga magoti, akaanza Baba Yetu kwa kelele. Watu wakakimbia pande zote, na kwa pumzi moja chini ya tangi pakawa peupe, wamebaki watu watatu na beseni la chapati.

Yule wa skafu akatia mkono kiunoni, akatoa bastola. Hakuiinua. Fimbo ya mng'ongo ilishuka juu ya kiwiko chake, mfupa ukasema ko. Kisha ikashuka tena.

"Tulia," Ngolo alimwambia, goti mgongoni mwake. "Nimeshalaza mafahali wakorofi kuliko wewe."

Hilari hakugeuka kuangalia. Alikuwa anawatazama watu waliokuwa wanamkimbia. Alikuwa na uso wa mtu aliyepita mbele ya nyumba yake akakuta inakaliwa na wengine.

"Dada mkubwa," alisema.

Safari hii sauti ilikuwa na mtu.

"Toa kidole, Hilari."

"Hujui walichonifanya kule ng'ambo waliponiopoa majini."

"Sijui. Utaniambia. Toa kidole kwanza."

"Nilingoja mje. Nilingoja, nilingoja. Kumbe mmeshakula matanga."

"Tulikulilia."

"Ndiyo. Na mliponililia nikaisha."

Getini, kiatu cha Mzee Arcade kiliingia kwenye chumvi.

Nyanzala hakusubiri neno jingine. Kucha zake ziliukamata ule mpira wa baiskeli, akauvuta. Mpira ukakatika. Mawe ya redio yakaruka, yakaanguka vumbini, yakabingiria mpaka chini ya kiti.

Hilari akabonyeza.

Alibonyeza na macho yamefumbwa. Alibonyeza tena. Kidole kilibonyeza, kikabonyeza, kama cha mtoto anayechezea kitu kilichokufa.

Mzee Arcade alikanyaga katikati ya kiini, juu kabisa ya dumu. Akasimama hapo hapo. Akageuka kuwatazama watu wa ukutani, akainua fimbo juu.

"Mmeona? Yai ni yai tu!"

Watu wa Katumba walipiga vigelegele mpaka kunguru wakaruka juu ya tangi. Hata wa Majengo baadhi walipiga makofi. Mzee akafuta kiatu kwenye nyasi, akaingia uwanjani kwa mlango, peke yake, kama mtu aliyealikwa.

Nyanzala aliokota mawe ya redio, akayatia mfukoni mwa aproni. Hakumwambia mtu chochote. Imani ya Mzee haikuwa yake kuichokonoa.

Isidori alikuwa bado ameshika kichwa. Ngolo akamnong'oneza: geti lifungwe, asipite mtu mpaka kesho, watakuja wanajeshi kufukua.

"Apite nani?" Isidori alisema. "Hata mama yangu mzazi hapiti hapo."

Pingu zilifungwa ndani ya Land Cruiser. Yule mgeni walimlaza nyuma, chini ya turubai, anagugumia. Hilari aliketi katikati. Amri ya Kituo ilikuwa fupi: kiwanja cha ndege, moja kwa moja, bila kusimama.

Walipoiacha barabara ya uwanjani, kelele kubwa ililipuka nyuma yao. Bao.

"Nani kafunga?" Hilari aliuliza, kwa mazoea.

Ngolo akaongeza gia.

Baadaye kidogo alisema, "Dada mkubwa. Mwambie Christina nilikufa."

"Nilishamwambia. Miaka mitatu nimekuwa mwongo kwa ajili yako."

"Basi endelea."

Nyanzala alitazama mbele. Katika ile miaka mitatu hakuwahi kulala bila kumtaja mtu huyu mbele za Mungu. Sasa alikuwa ameketi pembeni yake, ana joto, anapumua, na roho ya Nyanzala ilikuwa na hofu zaidi kuliko Hilari alipokuwa hana mwili.

"Ngolo. Pita Ilembo."

"Amri ni moja kwa moja."

"Pita Ilembo, kaka."

Ngolo akamtazama kwenye kioo. Akakata kona.

Christina alikuwa uani, anapepeta mchele wa Kakese. Gauni lake lilikuwa jeusi, limechakaa kwenye mabega. Aliona gari. Aliona Nyanzala anashuka, akatabasamu, akaanza kuinuka kumkaribisha.

Kisha Hilari akashuka.

Ungo haukumponyoka. Aliuweka chini taratibu, akahakikisha hakuna punje iliyomwagika. Akajifuta mikono.

"Nyanza," alisema, bila kumtazama mumewe. "Ndiye?"

"Ndiye."

"Alikuwa mzima siku zote?"

"Alikuwa mzima."

"Mama Joséline," Hilari alianza, "mimi..."

"Nyamaza kwanza. Naongea na mgeni wangu." Sauti ya Christina ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliye kanisani. "Zile misa, Nyanza. Zile novena. Tulikuwa tunaomba apumzike kwa amani."

"Tuliomba."

"Zilimfikia nani?"

Upepo ulipita, ukachukua makapi ya mchele, ukayapeleka kwenye ua wa jirani.  

Christina aliingia ndani. Alitoka na kikombe cha maji ya mtungi, akampa Hilari, maana hata mpita njia hanyimwi maji. Hilari alikipokea kwa mikono yote miwili, pingu zikalia. Akanywa mpaka mwisho. Aliporudisha kikombe, alijaribu kumshika vidole.

Christina alichukua kikombe. Akakisuuza, akamwaga maji chini.

"Mpelekeni," alisema. "Mimi ni mjane."

Akaketi. Akachukua ungo wake.

Hilari alirudi kwenye gari mwenyewe, bila kushikwa, akainama kama anaingia kwenye shimo. Ngolo akawasha injini. Motorola ikakwaruza.

"Malkia?"

"Yupo mpirani," Nyanzala alijibu. "Anashangilia."

"Wale wawili?"

"Mgeni amekamatwa. Ana mfupa umevunjika."

"Na yule Marehemu?"

"Mnaletewa."

"Ni nani? Jina."

"Muulizeni mwenyewe. Akilikumbuka, mniambie."

Akateremsha beseni lake, akamtupia Ngolo redio kupitia dirishani.

"Hupandi?" Ngolo aliuliza.

"Natembea."

Vumbi la Land Cruiser lilipotulia, alipanga chapati vizuri juu ya Browning, akazifunika kwa khanga, akaweka beseni kichwani. Akashika njia ya Majengo. Mpira ukiisha, watu watatoka na njaa.